Risasi Elfu Sita za Marehemu Lyle

Lyle Kucera alikingoja kiyama kwa miaka ishirini na miwili, na hakukingoja mikono mitupu. Kila serikali ilipobadilika kule Washington, alirudi nyumbani na makopo mengine ya risasi, akayapanga gerejini kwa unadhifu ambao meza yake ya chakula haikuwahi kuuona. Serikali zilikuja, serikali zikaenda, kiyama hakikutokea. Kilipotokea, kilimjia yeye peke yake, Jumanne moja ya mwezi wa pili, akiwa na koleo la theluji mkononi. Moyo ulisimama kabla kahawa yake haijapoa. Alikuwa na risasi elfu sita, na hakuna hata moja iliyomsaidia.

Mimi ni Arlys Pokorny, jirani yao wa ng'ambo ya barabara. Pia ni katibu wa klabu yetu ya kulenga shabaha, cheo nilichopewa kwa sababu nilikuwa mtu pekee kijijini mwenye mashine ya kuchapa. Mazishini nilikuwepo. Akina mama wa kanisa walileta mabakuli kumi na moja ya tambi za jibini, maana sisi watu wa Nebraska hatujaona bado msiba unaoweza kuishinda jibini. Walileta pia sahani za karatasi mia sita kwa waombolezaji themanini. Zilizobaki walimwachia mjane, Verlene, kama kifuta machozi.

Wiki moja baadaye akaja Royce, mdogo wake marehemu. Royce ndiye mwenyekiti wa klabu, na hajawahi kumruhusu mtu yeyote asahau jambo hilo. Risasi zake huzijaza mwenyewe, chini ya nyumba yake, akipima baruti kwa mizani midogo kama sonara wa mfalme. Alisimama katikati ya gereji ya Verlene, akatikisa kichwa.

"Shemeji, pole sana, lakini hizi ni takataka."

"Takataka kivipi?"

"Maganda ya chuma! Tazama." Akatoa sumaku mfukoni, maana yule bwana hutembea na sumaku kama wengine wanavyotembea na rozari. Risasi ikarukia sumaku na kunasa. "Umeona? Za shaba hazinasi. Hizi za chee ni za watu wanaopiga makopo ya bia."

"Kwa hiyo hazilii?"

"Zinalia, zinalia. Ila ganda hulijazi tena, ukishapiga umetupa. Mimi shaba yangu naiokota, naisafisha, naijaza upya hata mara nane."

"Na soksi zako je?" Verlene akauliza.

Royce hakusikia, au alijifanya. Kwa ukarimu wake mkubwa alijitolea kuzifukia zile risasi mahali, ili shemeji asisumbuke, na bunduki ya Lyle angeichukua yeye, ili pia shemeji asisumbuke. Verlene alimpa sahani za karatasi hamsini, akamfungulia mlango.

Niwaeleze kidogo kuhusu Verlene. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpishi wa shule. Kushika bunduki hakuwahi. Asubuhi ya pili alinipigia simu.

"Arlys, lile shimo lenu la changarawe bado mnalitumia?"

"Halitumiki. Unataka changarawe?"

"Nataka kupiga zile risasi."

"Zipi?"

"Zote."

"Mwenzangu, ni elfu sita!"

"Najua ni ngapi. Ndizo zilizokula safari yangu ya kwenda kuiona bahari. Kila mwaka Lyle aliniambia mwakani. Na kila mwakani ilirudi nyumbani ikiwa kopo."

Niliwahi kuwaona wajane wakigawa nguo za waume zao, wakiuza matrekta, wakipaka nyumba rangi ya waridi. Huyu alikuwa wa kwanza kutaka kuumaliza urithi kwa kuufyatua.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda shimoni: Verlene, mimi, na mume wangu Duane, ambaye kwa siku hutamka maneno kama arobaini, na mengi anayasema kwa ng'ombe. Duane alilifungua kopo kwa ufunguo wake, kama unavyofungua kopo kubwa la samaki. Ndani risasi zilikuwa za kijani iliyofifia, zimefungwa kwenye karatasi za kaki, zinang'aa kwa rangi ya bei rahisi iliyopakwa juu ya chuma. Verlene alibandika sahani ya mazishi kwenye ubao, akarudi hatua hamsini, akafumba macho yote mawili na kufyatua.

"Fungua moja," Duane akasema.

Akafungua. Akapiga sitini. Kulikuwa na harufu ya rangi iliyoungua na mkojo wa paka, ndiyo harufu ya bidhaa ile, na mtu anaizoea kama anavyozoea ndugu wa mume. Tulipokwenda kuitazama sahani, ilikuwa na matundu matatu. Mawili yalikuwa ya pini.

"Shusha pumzi kwanza," Duane akamwambia. "Na usiivute triga kwa hasira."

"Lakini nina hasira."

"Basi tutakuwa hapa muda mrefu."

Tulikuwa hapo muda mrefu. Kila Jumamosi, risasi mia, wakati mwingine mia mbili. Mwanzoni alikuwa akizungumza na Lyle kwa sauti, kila risasi na kesi yake. "Hii ni ya harusi ya dada yangu uliyokataa kwenda." Paa! "Hii ni ya mbwa uliyemleta bila kuniuliza." Paa! "Hii ni ya kufa bila kuniambia nywila ya benki." Hiyo ilikwenda mbali kabisa na ubao, ikachimba ukingo wa shimo, na Verlene akaketi juu ya kopo, ameshika vizibo vya masikio kwa mikono miwili, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Duane alitazama mawingu. Mimi nilihesabu sahani ambazo hazikuhitaji kuhesabiwa.

Halafu ilifika wiki ambayo kesi ziliisha, sijui ni ipi. Alikuwa analala chini kwenye mkeka, anashusha pumzi, anapiga, kimya. Ganda likinasa ndani, na maganda ya chuma hunasa bunduki ikishapata moto, anaisimamisha, mtutu juu, kitako chini, anaupiga mkono wa kukokea kwa kisigino cha buti, ganda linaruka nje, anaendelea. Mwezi wa saba ulipofika, kwa hatua mia moja, matundu yake kumi ungeweza kuyafunika kwa kisosi. Duane aliyatazama yale matundu, akasema, "Mh." Katika miaka yetu thelathini na nane ya ndoa, mimi nimepata "mh" nne.

Habari hazikai kijijini kwetu. Royce alitukuta mimi na Verlene mkahawani.

"Shemeji, nasikia unalilima shimo la Duane kwa chuma. Mwaka huu utavuna misumari!"

Meza yake yote ikacheka, maana ndiyo kazi ya meza yake.

"Shindano lenu la mwezi wa tisa," Verlene akasema, akipaka siagi mkate wake, "linaruhusu wanawake?"

"Linaruhusu mtu yeyote mwenye risasi za heshima."

"Hivyo ndivyo ilivyoandikwa?"

Royce alinitazama mimi. Mimi niliitazama supu yangu.

Siku ya shindano ilikuwa baada ya mvua ya siku tatu. Royce alisimama langoni na sumaku yake, amevaa koti lililoshonwa cheo chake kifuani, kama kwamba kuna mtu angemdhania kuwa askofu. Alipomfikia Verlene, sumaku ilizoa risasi saba kwa mpigo.

"Samahani sana, shemeji," akasema, na sijamwona mtu akisikitika kwa furaha namna ile. "Kanuni ni kanuni. Ncha zake zina chuma pia, zinatoboa mabamba, zinatoa cheche, nyasi zinawaka."

"Arlys," Verlene akaniita, "kanuni inasemaje?"

Kanuni niliichapa mwenyewe, na nakala ninayo kwenye mkoba. Nikaisoma kwa sauti ya kanisani. "Risasi zinazonasa sumaku zimekatazwa kwenye mabamba ya chuma, na zimekatazwa wakati wa ukame." Nikaikunja. "Leo tunapiga karatasi, mwenyekiti. Na umesimama kwenye tope."

Royce aliangalia buti zake. Tope lilikuwa limefika kwenye kamba.

"Aliyeandika kanuni hii nani?" akauliza.

"Wewe ulinisomea, mimi nikachapa."

Basi Verlene akaingia. Risasi ishirini, hatua mia moja, watu ishirini na sita. Kulia kwake alilala Royce, na bunduki yenye darubini ndefu kama bomba la jiko na risasi zake za shaba zimepangwa kwenye kisanduku cha mbao chenye kitambaa cha bluu. Verlene alizitoa zake kwenye mfuko wa plastiki wa mkate.

Ya kumi na nne ikanasa. Mstari mzima ulisikia ule mlio mfu. Verlene akainuka, akaisimamisha bunduki mtutu juu, akaipiga teke. Watu wakaangua kicheko. Ganda likaruka, likamwangukia Royce shingoni, ndani ya kola ya koti la cheo, na ganda lililotoka kupigwa si baridi. Royce akapiga kelele ambayo sikujua kuwa mwanaume wa Nebraska anaweza kuipiga.

"Samahani sana, shemeji," Verlene akasema, akajilaza tena.

Nilijumlisha matokeo mimi, kisha dereva wa basi la shule akayajumlisha tena kwa ombi la mwenyekiti, kisha mwenyekiti mwenyewe. Hesabu ilikaidi. Verlene alimzidi Royce kwa alama tatu. Royce alieleza habari za upepo. Upepo haukuwepo, akaeleza habari za jua. Jua lilikuwa nyuma ya mawingu, akakumbuka kwamba baruti ya mara hii ilikuwa ya kopo jipya.

Katika vurugu hizo hakuna aliyemwona Hadley Brandt, daktari wa meno wa kaunti ya jirani, mtu mpole asiyesema na mtu, akisubiri kando ya meza. Yeye alimzidi Verlene kwa alama saba. Tulimpa kikombe chake, akashukuru, akaondoka. Mpaka leo ukiuliza kijijini nani alishinda mwaka ule, utaambiwa Verlene.

Kama wiki mbili hivi zilipita. Jumamosi moja tulisikia gari likishuka shimoni, akatoka Royce na boksi la kolachi za tunda la plamu, zile keki zetu za Kicheki ambazo mtu wa ukoo wao hazileti bila sababu. Aliliweka boksi juu ya kopo.

"Shemeji," akauliza, "Lyle alikuwa analenga vizuri kwa hizi? Sikumwona hata siku moja."

"Hakuwahi kupiga hata moja," Verlene akasema. "Alisema ni za siku mbaya. Zisichezewe."

Royce alivua kofia. Aliyatazama yale makopo aliyoyapanga kaka yake peke yake miaka yote, na uso wake ukafanya kitu ambacho nisingependa kukiona tena kwa mtu mzima.

"Mpumbavu," akasema polepole. "Mpumbavu mkubwa. Na mimi nilikuwa kilomita sita tu kutoka kwake."

Verlene alisogea kwenye mkeka, akamwachia nafasi. Royce alilala chini na koti lake safi, akachukua bunduki ya kaka yake, akapiga. Ilikwenda kushoto. Akapiga nyingine.

Tangu siku hiyo huja kila Jumamosi. Bado anatuambia kwamba ganda la chuma ni takataka, linakwaruza chemba ya bunduki, linachafua, linanuka, mtu mwenye akili hawezi kuligusa. Anatuambia haya yote huku akijaza risasi kwenye magazini, na huwa hasimami mpaka kopo liishe.