Nyoka Aliyeandikishwa kwa Sheha

Jamani, hili hamtaliamini. Mimi nilikuwepo, video ninayo, na bado kila nikiitazama naona kama uongo: huku kwetu Gando kuna nyoka kaandikishwa kwa sheha. Kwa kalamu na kwa muhuri!

Bi Time, jirani yetu, asubuhi kaenda bandani kutazama kuku wake watatu wanaolalia, kakuta lijoka lina madoa ya njano limejizungusha kwenye mayai. Ukelele aliopiga! Mimi na simu yangu tukafika mwanzo. Nyuma yangu Dokta Modester, mtafiti wa nyoka kutoka Bukoba, aliyepanga chumba kwa Bi Time. Akamnasa kwa fimbo yake ya ndoana, akamtia kwenye ndoo ya rangi, akafunika.

"Huyu si wa kisiwani!" anasema, kaikumbatia ndoo kwa furaha. "Atakuwa kaja na mbao kutoka bara. Lazima nimpime, nijue kama wapo wengine."

"Miye nampima kwa mchi," Bi Time akasema.

Dokta akataka kufuata sheria, akampigia Bwana Ridha, ofisa wa wanyamapori wa Wete. Kaja na pikipiki, kasimama mbali kule kwenye mgomba.

"Kibali cha kukaa na nyoka unacho, Dokta?"

"Nimekiomba Unguja. Kitatoka baada ya wiki mbili."

"Basi huwezi kukaa naye. Arudishwe alipokamatwa."

Sote tukaligeukia banda la kuku.

"Bandani mwangu?" Bi Time akauliza. "Basi n'muue."

"Kuua pia kunataka kibali, Bi Time."

"Ya Rabi! Na kuku wangu wana kibali cha kuliwa?"

"Bwana Ridha," Dokta akaingilia, "huyu akizaana hapa, ndege wenu watakwisha."

"Mimi nataka karatasi yenye muhuri, iseme nani anaye. Nifunge faili niondoke."

Bi Time kusikia muhuri, kajitanda kanga, mbio kwa Sheha Bakar, mkuu wetu wa mtaa, na sisi na ndoo nyuma yake. Huku kwetu mtu wa nje akilala shehiani hata siku moja, lazima aandikishwe.

"Sheha, huyu si katoka bara? Si kalala kwangu? Muandike."

Sheha akakuna kidevu, akafungua daftari. Jina: Nyoka. Atokako: Bara. Shughuli… akaichungulia ndoo, akaandika: Mayai.

"Mwenyeji wake?"

Bi Time akasema yeye hayumo. Dokta hakufaa, mwenyewe mgeni, kaandikishwa kwa Bi Time.

"Haya, ukimtoa Bi Time, nani alomuona mwanzo?"

"Mimi!" nikaruka, simu juu. "Ushahidi ninao, Sheha!" Wallahi nilidhani nahojiwa kama shahidi tu.

Muhuri ukagongwa. Mwenyeji: Hudhaifa. Bwana Ridha akaipiga picha karatasi, akawasha pikipiki, hata kuaga hakuaga.

Sasa ndoo iko chini ya kitanda changu, wiki mbili nzima, na likitokea lolote wa kujibu ni mimi. Mama yuko mlangoni kashika mto wangu: "Mmoja wenu anahama kabla ya Magharibi." Nikimwachia, nimevunja sheria na kuku wa Bi Time ndio basi. Nikimuua, sina kibali. Nampigia Sheha, kazima simu.

Hebu niambieni, ungekuwa wewe ungefanyaje?