Mota Iliyokataa Kusimama

Malori ya maziwa yalikuwa yameanza kupanga foleni langoni mwa kiwanda wakati Ngatia alipoing'oa draivu ya zamani kutoka kwenye kabati la umeme. Upande mmoja ulikuwa mweusi, na bado ilinuka kuungua. Kisanduku hicho ndicho kilichoiamuru mota ya mashine ya kupakia maziwa izunguke kwa kasi gani na isimame wapi, ili plastiki ishuke urefu wa pakiti moja, ifungwe kwa joto na ikatwe. Kampuni iliyokitengeneza iliacha kukiunda tangu miaka ya themanini. Sasa ulikuwa mwaka wa tisini na sita, na Ngatia, fundi wa umeme kutoka Nyeri mjini, alikuwa amekuja hapa Mweiga na draivu ya kampuni nyingine, yenye waya za rangi tofauti kabisa.

"Fundi, tangi imejaa," alisema meneja, Bwana Jamleck. "Hao walio nje wasiposhusha kabla ya saa sita, maziwa yao yataganda juani."

"Nimesikia, bosi."

Ngatia alifunga waya za mwisho, kisha akainama kwenye mota. Nyuma ya mota palikuwa na kifaa kidogo cha kupima kasi, na waya zake mbili zilimtia wasiwasi.

"Hizi zikiwa zimepishana, draivu itafikiri mota inaenda kinyume," alisema. "Itaisukuma na kuisukuma. Lazima tutoe mkanda unaoiunganisha na mashine kwanza, mota ijaribiwe ikiwa peke yake."

"Si ujaribu tu hivyo? Ni dakika moja."

"Hapana, bosi."

Bolti za mkanda zilikuwa zimeshikwa na kutu. Ngatia alizipiga nyundo, akazimwagia mafuta, akapiga tena mpaka spana ikateleza na kumchuna vidole. Nje dereva mmoja alianza kupiga honi, wa pili akamfuata. Hatimaye mkanda ukatoka.

Alimwita Wakonyo, mama yake Wangui, aliyeendesha mashine hiyo tangu kiwanda kifunguliwe. "Mama Wangui, simama hapo kwa kitufe chekundu cha kusimamisha. Nikisema, bonyeza."

Wakonyo alisimama. Ngatia akawasha.

Mota ilishtuka mara moja, kisha ikaanza kuzunguka, ikapanda, ikapanda, mpaka mlio wake ukawa kama wa msumeno na sakafu ikatetemeka.

"Bonyeza!"

"Nimebonyeza!"

Alikuwa amekigandamiza kwa viganja vyote viwili. Mota haikujali. Ngatia alirukia swichi kubwa ya ukutani, akamkuta Jamleck ameganda mbele yake, akamsukuma pembeni na kuivuta chini. Mlio ulishuka polepole, ukachukua muda mrefu kufa.

Ngatia alifungua kabati tena akaangalia. Waya za kupima kasi zilikuwa zimepishana, kama alivyohofia. Lakini nyuma kabisa aliona waya mbili nyembamba alizozifunga utepe asubuhi akidhani hazina kazi. Zilitoka kwenye kitufe chekundu. Kwenye draivu ya zamani, amri ya kitufe ya kusimamisha mota ilipitia humo ndani. Alipoing'oa, aling'oa na breki pamoja nayo.

Angeweza kunyamaza na kulaumu zile waya za kasi tu.

"Kosa ni langu," alisema. "Kitufe hakijaunganishwa na chochote."

Jamleck alipangusa uso. "Basi geuza hizo za kasi tuwashe. Kitufe utafanya jioni, tukimaliza kupakia."

"Bosi..."

"Fundi, wewe ndiye umetuchelewesha! Unataka niwaambie nini watu huko nje?"

Ngatia alishika bisibisi, akainama tena kwenye kabati. Kosa lilikuwa lake kweli. Wakonyo ndiye aliyesogea akasimama akiipa mgongo ile swichi ya ukutani.

"Bwana Jamleck, lori ya mbele iko na maziwa yangu pia," alisema. "Wacha yaharibike. Plastiki ikikwama, si wewe unaingiza mkono pale ndani. Ni mimi."

Jamleck alitoka na kuufunga mlango kwa kishindo.

Ngatia alitoa swichi ya sumaku kwenye pampu ya maji iliyokufa nyuma ya kiwanda, akaifunga mahali ambapo kitufe kingekata umeme wote unaoingia kwenye draivu, kisha akazigeuza zile waya za kasi. Akiwa katikati ya kazi alisikia malori yakiwasha injini na kuondoka, moja baada ya jingine. Wakonyo naye aliyasikia. Alikaa juu ya kreti, mikono mapajani.

Walipojaribu tena, mota ilizunguka taratibu, kwa utulivu. Wakonyo alibonyeza. Ikasimama. Akabonyeza tena na tena mpaka akatosheka, ndipo wakarudisha mkanda.

Jamleck aliingia wakati pakiti za kwanza zikidondoka.

"Umewaambia nini?" aliuliza Wakonyo.

"Kwamba mashine haikuwa salama." Aliangalia sakafu. "Wamenitukana vizuri sana."

Muda si muda plastiki ilikunjamana na kukwama. Wakonyo alibonyeza kitufe, akangoja, kisha akapeleka mkono kati ya visu. Ngatia hakupumua mpaka alipoutoa.