Jina la Kona ya Kulia

Niseme mapema kwamba kaka yangu si mwizi. Mwizi huchukua akijua kitu ni cha mtu. Kaka yangu amejisahaulisha miaka thelathini, na sasa ukimgusia anakutazama kwa macho makavu kabisa, mpaka wewe ndiye unayeona haya.

Watu wa jazi wanamwita Mapafu, maana anavuta noti moja ya tarumbeta mpaka wewe uliyekaa tu unaishiwa pumzi. Kwenye bendi yake piano nilipiga mimi, mdogo wake, kwa miaka kumi na minne, hadi viungo vya vidole vikavimba nikakaa pembeni. Siku hizi nachapa muziki kwa kompyuta, kwenye chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya shule, mimi na maboksi ya daftari na feni mbovu. Naletewa karatasi zenye madoa ya chai, narudisha kurasa safi.

Basi akaniletea nyimbo zake ishirini na mbili. Chuo cha muziki kinataka kuzitolea kitabu.

"Hakuna anayeujua mwandiko wangu kama wewe, mdogo wangu," akasema, akabwaga bahasha juu ya kibodi kama mtu anayemwachia dobi nguo.

Kwa asiyejua: ukurasa wa jazi hauna mengi. Kuna mistari yenye noti, hiyo ndiyo tuni. Juu ya mistari kuna kodi (si ya nyumba, jamani), yaani herufi na tarakimu zinazowaambia wa piano na wa besi waweke nini chini ya tuni. Na pale juu kabisa, kona ya kulia, kuna jina la mtunzi. Kwenye karatasi zote ishirini na mbili jina lilikuwa moja, la kaka. Noti zilikuwa za wino wa bluu, mkono wake. Kodi zilikuwa za penseli, mkono wangu.

Nikachapa, nikachapa, nikafika "Mvua ya Saa Tisa". Huo ndio wimbo uliomlea. Katikati yake kuna vipimo vinne, yaani vipande vinne vya mapigo manne-manne, ambapo tarumbeta inashika noti moja. Moja tu! Haipandi, haishuki. Kinachotembea ni kodi chini yake, nane, na kila moja inaigeuza ile noti: mara ina huzuni, mara inacheka, mara inakutia hofu. Zile nane nilizitafuta mimi kwenye piano ya marehemu mama, mchana wa mvua, kaka kalala kwenye kochi. Alipoamka akasema, "Hapo mimi nishike tu noti, wewe tembea." Maneno yake mwenyewe.

Kuziingiza kwenye programu ni kazi ya roho ngumu. Programu inapenda kuning'iniza kodi juu ya noti, na hapo noti ni moja iliyovutwa. Inabidi uruke pigo hadi pigo kwa kitufe cha nafasi, uandike herufi, uruke tena. Nilipomaliza ya nane nikampigia simu.

"Kaka, sitaki mengi. Huu wimbo mmoja tu. Jina langu likae chini ya lako."

Akacheka, wala si kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Mdogo wangu, kodi hazina mwenyewe. Muulize yeyote. Mtunzi ni wa tuni. Wewe ulisindikiza."

"Nilisindikiza?"

"Tena vizuri sana."

Damu ilinichemka. Haya bwana! Kama hazina mwenyewe, basi na wewe si zako. Nikabonyeza kodi moja, nikaiamuru programu ichague zote za aina yake, zikang'aa ukurasa mzima. Nikafuta. Nyimbo zote ishirini na mbili nikazifanya hivyo, zikabaki tuni tupu na jina lake pale kona. Zile karatasi za penseli nikazifungia kwenye droo. Nikachapisha, nikabana pini, nikapeleka mwenyewe kwenye mazoezi ya uzinduzi.

Kwenye piano alikaa mhadhiri wa chuo. Wanamwita Daktari, kwa shahada ya muziki, si kwa sindano. Akafungua kitabu, akageuza ukurasa, akaurudisha.

"Kodi ziko wapi?"

"Hazina mwenyewe," nikasema, "zimekwenda zao."

Mpiga ngoma akaangua kicheko. Kaka hakucheka.

Wakapiga hivyo hivyo. Walipofika kwenye vile vipimo vinne, Daktari alishika kodi moja, besi ikamfuata, na kaka akavuta noti yake. Mapafu bado anayo, lakini noti ilisimama pale kama honi ya gari iliyokwama. Akanitazama juu ya tarumbeta. Haki ya Mungu, alijua. Nilifurahi, sitadanganya.

Akashusha tarumbeta. "Zirudishe."

"Niandike."

Tukatazamana. Niliona midomo yake inacheza, nikasema moyoni, leo nimempata.

"Daktari," akasema, "unaweza kutuwekea kodi humu?"

"Nipe wiki moja," akajibu Daktari.

Wiki ilipokwisha, wifi, mke wa kaka, akaja dukani na bahasha. "Umalizie tu, wifi yangu. Watu wazima kununiana, mnatuaibisha."

Nikaitafuta "Mvua". Kodi zilikuwa nane. Zangu zile zile, kwa mpangilio ule ule. Nikasema labda naye kazipata mwenyewe, ana kichwa. Kisha nikaiona ya tatu. Asubuhi ya siku bendi iliporekodi wimbo huu kwenye kanda, zamani zile, niliungua kidole kwa birika, nikapiga na plasta, na kwenye ya tatu kidole kikateleza kikagusa noti ya jirani. Kaka alikataa turudie, kwa kuwa yeye alipuliza vizuri. Kosa likabaki kwenye kanda. Na Daktari alikuwa ameliandika, kwa tarakimu mbili ndani ya mabano, kama hekima fulani.

Kona ya kulia, chini ya jina la kaka, kwa wino wa bluu: "Kodi", kisha jina la Daktari, kamili, na shahada yake.

Kumbe zina mwenyewe.

Nikampigia kaka simu. "Hizi ni zangu! Kanikopi kwenye kanda!"

"Kanda ya bendi," akasema kaka, taratibu. "Halafu, mdogo wangu, si wewe mwenyewe uliyezifuta?"

Akakata.

Nilifungua droo, nikazitazama karatasi za penseli. Nimwonyeshe nani? Anayeujua mwandiko ule ni yeye tu. Na nisipochapa mimi atachapa mwingine, aziharibu. Nikaandika jina la Daktari pale kona, nikahakiki herufi zake. Nikaziingiza kodi nane, pigo hadi pigo. Kwenye ya tatu vidole vilitaka kusahihisha vyenyewe. Nikavizuia. Kosa langu nililiacha kama lilivyo, wanafunzi wa chuo wafundishwe kulipiga vizuri.