Ukuta wa Ririka

Mizuho Kuroiwa alipopigiwa simu aende kambini, mama yake alipika wali wa maharagwe mekundu, ule wa sherehe, akawagawia hata majirani wasiompenda. Bintiye alikuwa ameichezea Japani raga tangu ujana wake. Masikio yalikwisha kukunjamana, shingo haikugeuka tena bila mwili mzima kugeuka, na mchumba mmoja alimkimbia akisema hawezi kuishi na mtu anayenuka dawa ya kuchulia. Yote hayo aliyavumilia. Alitaka Kombe la Dunia moja tu, kisha arudi jumla Kumagaya, kwenye kiwanda cha mchuzi wa soya kilichomwajiri na kuigharimia timu yake.

Kambini alikuta jezi zimepangwa kitandani kwa kila mtu. Yake haikuwa na namba.

Kocha Onodera hakuzungusha maneno. Nafasi ya Mizuho katika mstari wa mbele alikwishampa Ririka Tatsumi, binti mbichi mwenye nguvu za fahali, ila bado hajajua kusukuma.

"Nimekuita uwe ukuta wake," alisema, huku akimenya chungwa. "Akikuweza wewe kikongwe, atawaweza na Wazungu."

Wachezaji walicheka, kwa kuwa kocha alitaka wacheke. Mizuho aliinama, akashukuru. Angeondoka, angemwambia nini mama yake, na wale majirani waliokwisha kula wali?

Basi kila asubuhi ilikuwa skramu. Wanawake wanane walifungamana, wakainama, wakasukumana na wanane wenzao, na kichwa cha Ririka kikawa kinatua chini ya kidevu cha Mizuho. Alimfundisha pa kushika jezi, na wakati wa kuvuta pumzi. Binti alishika upesi mno. Haukupita muda akaanza kumrudisha nyuma, na kocha akapiga makofi, akaamuru warudie, na warudie tena, mpaka Mizuho akaanguka magotini.

"Mwoneni bibi anavyosali," kocha akasema.

Safari hii Ririka naye alicheka.

Skramu iliyofuata Mizuho hakurudi nyuma. Uzito wote ulipowajia kutoka migongoni, alilegeza bega na kuuvuta mkono wa Ririka chini. Ni kosa ambalo refa huliadhibu akiliona, lakini ndani ya kile kichuguu cha miili hakuna aliyeona. Skramu ikaporomoka. Goti la Ririka likaenda upande ambao goti haliendi.

Kabla jua halijazama, Mizuho alikwisha kupewa namba tatu, jezi ya Ririka.

Alikwenda hospitali na matunda, maana ndivyo ilivyopasa. Mama yake Ririka alimwinamia mara nyingi, akimshukuru kwa kumlea bintiye kambini, kisha akatoka kwenda kuosha matunda. Ririka alisubiri mlango ufungwe.

"Nilihisi mkono wako, dada."

Mizuho aliukunja mfuko mtupu wa matunda.

"Sitamwambia mtu. Nani ataniamini? Watasema nakuonea wivu." Binti aliangalia dari. "Ila nenda ukashinde."

Hakushinda. Japani ilifungwa mechi zote, na katika ya mwisho mpinzani wake alimburuza Mizuho kama gunia la chumvi, mpaka akatolewa hata mapumziko hayajafika. Kocha aliwaambia waandishi kwamba uzee hauna dawa. Mama yake Mizuho aliyasoma hayo gazetini, akaacha kutoka nje.

Ririka hakucheza tena raga. Kiwanda cha kina Mizuho kilimwonea huruma, kikampa kazi ya kukaa, kubandika karatasi kwenye chupa, meza moja na Mizuho. Meneja alimwomba Mizuho amtazame mdogo wake huyo. Kila asubuhi Ririka huingia akichechemea, huvaa kofia ya kazi, kisha huinama mpaka kiunoni, kwa adabu isiyo na dosari.

"Umeamkaje, dada?" humsalimu, kwa sauti ya kusikika na wote. Na Mizuho, mbele ya kiwanda kizima, hana budi kuitikia.