Handikapu ya Mzee Riungu

Mzee Riungu wa Nkubu alikuwa mchezaji gofu mbaya kuliko wote niliowahi kuwapokelea kadi za mipigo, na nimekuwa karani wa mashindano wa kilabu chetu kidogo huku Meru kwa miaka tisa. Siku moja alipiga mpira ukatua ndani ya gunia la viazi lililokuwa likipita barabarani, ukafika sokoni na kuuzwa. Aliyeununua aliuchemsha asubuhi nzima. Usiponiamini, mtafute umuulize kama uliiva.

Lakini kadi zake zilikuwa za malaika. Huku kwetu humhesabii mzee watoto wake wala ng'ombe wake, na pale kilabuni hakuna aliyethubutu kumhesabia mipigo. Riungu alitoka kichakani akihema, akasema, "Nne." Mwenzake akaandika nne, akatia sahihi. Mimi nikaingiza matokeo kwenye kompyuta, nayo kompyuta haijui mzee ni nani. Ikazidi kumpunguzia handikapu, yaani ile mipigo anayosamehewa mchezaji, mpaka ikabaki sita. Sita ni ya mtu aliyezaliwa na fimbo mkononi. Haki yake ilikuwa thelathini na sita.

Nilijua. Nilinyamaza kwa sababu aliwahi kunitoa kwenye kamati ya sherehe akisema nanusa sufuria.

Kisha wakamteua kuwa kapteni. Jina lake lingepakwa rangi ya dhahabu kwenye ubao wa ukumbini, na alikuwa ameshawaalika wakwe waje kulitazama. Sharti lilikuwa moja: acheze kwanza mashindano ya Embu, na akiondolewa mipigo ya handikapu, asizidi tisini. Akizidi, uteuzi umekufa.

Jumatano akaja ofisini, akafunga mlango.

"Karani, nipandishie. Nirudishe thelathini na sita."

"Baba Karambu," nikamwita kwa jina la mwanawe, "watu wanakuonea wivu na hiyo sita."

"Wivu hautanichezea Embu."

"Basi andika barua useme kadi zako ishirini za mwisho ni za uongo. Nitaibandika mlangoni."

"Lazima ibandikwe?"

"Ndiyo kanuni."

Hakuna kanuni kama hiyo. Niliitunga nikimtazama machoni.

Akaiangalia kalamu niliyomnyooshea. "Wewe ulijua siku zote."

"Mimi naandika ninacholetewa, mzee."

Akaiacha kalamu, akaenda.

Nikawapigia simu watu wa Embu, nikawaomba wampange na Nelius, mama wa hukohuko, mwalimu mstaafu wa hesabu. Nikasafiri pia. Tamasha kama hilo si la kusimuliwa.

Shimo la kwanza, Riungu akafuta jasho. "Nne."

"Ni tisa," Nelius akasema. "Mbili mtaroni, tatu chini ya mti wa mgrevilea, moja umepiga hewa. Tatu nyingine sina haja ya kukueleza, umezipiga hapa mbele yangu."

"Mama, kwetu mzee hahesabiwi."

"Leo uko kwetu."

Akamhesabia kwa sauti mashimo yote kumi na nane. Kufika la saba, watu walikuwa wameacha michezo yao wakija kusikiliza. Kufika la kumi na mbili walikuwa wanaitikia pamoja naye kama kanisani. Riungu hakuinua macho tena.

Mia moja ishirini na nne. Ukitoa sita, mia moja kumi na nane. Ubao haukuandikwa, na wakwe wakapigiwa simu wabaki nyumbani.

Jumatatu alinikuta ofisini. Sikumkaribisha kiti.

"Nimekupigia hesabu," nikamwambia. "Ungekuwa na thelathini na sita yako, ungebaki na themanini na nane. Leo ningekuita kapteni."

Akauliza, "Angalau sasa itapanda?"

"Kompyuta huchukua kadi nane bora kati ya ishirini za mwisho. Hii ya Embu imeitupa. Bado wewe ni sita."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ulete nyingine kumi na mbili kama hiyo. Za hapa kwetu hazitasaidia, si unajua wanavyokuheshimu."

Akashika ukingo wa meza yangu.

"Nelius hucheza siku gani?" akauliza.

"Kila Jumamosi," nikasema, nikamwandikia namba yake ya simu.