Njia Iliyohamia Mezani kwa Meya

Haya, tegeni masikio, nami nitege kitendawili. Analala chali mwaka mzima, kila apitaye humkanyaga tumboni, na siku watakapoacha kumkanyaga ndipo atakapokufa. Ni nani huyo? Aliyesema kaburi akae chini, kaburi halikanyagwi na mtu mwenye adabu. Aliyesema njia amepata, na mji ni wake, achague aupendao. Asichague Arcenay tu. Arcenay njia imeshahamia ndani ya nyumba za watu, na nafasi hakuna.

Jumapili moja ya mwezi wa tano, Bi. Lambrey, mke wa meya wa Arcenay, alikuwa akigawa supu ya liki, kile kitunguu cha majani marefu. Kabla hajafika kwenye sahani ya mumewe alisikia minyororo inakuja. Akaikumbatia sufuria. Meya akainua chupa ya mvinyo kwa mkono mmoja na mkate kwa mkono wa pili, wakavuta miguu chini ya viti. Baiskeli tano za milimani, zile za matairi mapana yenye meno, ziliingia kwa mlango wa mbele, zikaruka mzizi wa mwaloni uliotokeza kando ya kabati, zikatokea kwa mlango wa jikoni. Tope likafika kwenye pazia.

"Samahani, Bi. Lambrey!" aliita kijana wa mwisho.

"Kateni kona vizuri hapo kwenye kabati! Mtanivunjia vyombo vya mama mkwe!"

"Mwaka wa kumi huu unaomba vivunjike," alisema meya.

Bi. Lambrey akairudisha sufuria mezani, akaokota jani lililoangukia ndani ya supu, akaendelea kugawa.

Njia hiyo haikuzaliwa mezani. Zamani ilikuwa msituni. Ilianzia juu, kwenye uwanda wa wachoma makaa, ikashuka kati ya mialoni, ikavuka kijito kwa mawe matatu, ikapita chini ya lango la kale la mawe na kuingia kijijini. Wachoma makaa walipokufa, ilibaki na wachuma uyoga, na ng'ombe, na mwishowe vijana wa baiskeli. Kila Jumatatu ya Pasaka kila nyumba ilitoa mtu mmoja mwenye mundu kwenda kuifyeka, kisha wote wakala kimanda cha mayai pale penye kijito. Asiyekwenda alisemwa mwaka mzima.

Kisha akaja Bwana Vaucelin kutoka mjini. Alinunua msitu wa upande huu, akanunua na wa upande ule. Alitaka azungushie uzio, afuge nguruwe pori, yeye na wageni wake wawapige risasi bila kuchoka kuwatafuta. Katikati alibakiwa na njia, na njia ilikuwa ya kijiji. Sheria ya huko ni kama kile kitendawili: njia inayokanyagwa haiuzwi, njia isiyokanyagwa yaweza kuuzwa. Bwana Vaucelin hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba anaona paa la kanisa linavuja, na moyo wake unauma.

Pasaka ya mwaka ule hakuna nyumba iliyotoa mtu wa kufyeka. Hakuna aliyemsema mwenzake.

Wachuma uyoga wakaacha. Ng'ombe wakapitishwa barabara ya lami. Wakabaki vijana wa baiskeli, na aliyekuwa mbele yao siku zote ni Coralie, msichana wa miaka kumi na tisa aliyelelewa na bibi yake, Huguette. Coralie aliijua njia ile kama ulimi unavyojua meno. Alijua jiwe la kuinulia gurudumu la mbele, alijua kona ya kuachia breki, na akifika bondeni alikuwa anaimba. Sauti yake ilitangulia kufika kijijini, na Huguette alikuwa akiisikia ndipo anaweka mayai motoni.

Mwezi wa kumi na moja mtu alifunga waya kati ya mialoni miwili, pale mteremko unapokuwa mkali. Aliufunga kwa kimo cha shingo ya mtu aliye juu ya baiskeli.

Coralie hakufa. Madaktari walishona walichoweza kushona. Sauti haikurudi. Akisema sasa, hutoka pumzi tu, kama tairi linalopungua upepo.

Polisi wakaja, wakauliza, wakanywa kahawa katika nyumba sita, wakarudi. Hakuna aliyeona kitu. Baraza la kijiji likakaa, likaona kwamba kwa kweli njia ile sasa hakuna aipitaye, likamuuzia Bwana Vaucelin. Mafundi wa paa wakapanda kanisani wiki ileile.

Lakini liko jambo moja ambalo polisi wa mjini hawakulijua, na kila mtu wa Arcenay alilijua. Wafugaji wa huko wakikatiza njia kwa waya, ili ng'ombe wageuke, hufunga kitambaa cheupe katikati ya waya. Hata waya ukiwa wa nusu saa. Hata mlevi hufunga. Mtoto hufundishwa jambo hilo kabla ya kufundishwa kukamua. Waya ule wa mialoni haukuwa na kitambaa. Ng'ombe wa Arcenay anafungiwa kitambaa asije akaumia kifua, na mtoto wa Arcenay aliachwa hivihivi.

Bwana Vaucelin alipotia kufuli lango lake, njia ilinyanyuka ikaondoka. Asubuhi watu waliiona imekwisha kuingia kijijini, na mizizi yake, na madimbwi yake, na yale mawe matatu ya kijito, na majani makavu. Ilipita katikati ya chumba cha kulia cha meya. Ikapita kwa mwokaji mikate, kati ya meza ya kuuzia na tanuri. Ikapita chumbani kwa Firmin, mdogo wake Huguette, mfugaji asiye na mke, ikasukuma kitanda chake ukutani. Ikatokea kwenye uwanja wa kanisa. Kwa Huguette haikuingia.

Watu wakasogeza viti. Kampuni ya bima iliandika kwamba inalipia moto na mafuriko, njia haimo. Mwokaji alilalamika kuhusu konokono, kisha akazoea. Na kwa kuwa njia ilikuwa wazi, vijana wakaanza kuipita. Coralie alikaa ndani hadi mwezi wa tatu, kisha akatia mafuta mnyororo, akavaa kofia ngumu, akafunga skafu shingoni, akatoka mbele yao kama zamani. Hakuimba.

Nyuma ya baiskeli alikuja Huguette kwa miguu, na fimbo. Yeye hakuwa na haraka. Alisimama katika kila nyumba akauliza swali lake.

"Nani alifunga waya usio na kitambaa?"

"Mama Huguette!" alisema mwokaji. "Mkate huo umetoka sasa hivi, shika, bado unachoma."

"Sikuulizia mkate."

"Basi chukua keki ya tufaha. Mpelekee mtoto."

"Mtoto anameza supu tu. Nani alifunga?"

Mwokaji akageukia tanuri lake, akalikodolea macho kama vile nalo limeulizwa.

Chumbani kwa Firmin aliuliza vilevile. Firmin alikuwa amelala amegeukia ukuta, saa nane mchana, mtu ambaye maisha yake yote aliamka na jogoo.

"Dada, funga mlango, upepo unaingia."

"Mlango hauna pa kufungia, kuna mzizi. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona Alhamisi huji tena kula?"

"Ng'ombe," alisema Firmin. Ng'ombe walikuwa nje wanajilia majani.

Mwezi wa sita paa jipya la kanisa likakamilika. Meya akafanya karamu nyumbani kwake baada ya ibada. Meza ilibidi ikatwe vipande viwili, kimoja huku na kimoja kule, njia katikati, na vyakula vikawa vinavushwa kwa mkono. Upande mmoja aliketi Bwana Vaucelin, meya na mkuu wa polisi wa wilaya. Upande wa pili padri, mwokaji, na Firmin, mjumbe mzee kuliko wote katika baraza la kijiji. Walikula paja la nguruwe pori wa kwanza aliyepigwa ndani ya uzio.

"Laini sana," alisema mkuu wa polisi.

"Hakukimbia," alisema Bwana Vaucelin, kisha akatazama kiatu chake kilichoingia tope la njia. "Hii njia, Bwana Meya, nadhani kisheria ni yangu. Niliinunua."

"Ichukue basi," alisema Bi. Lambrey kutoka jikoni. "Ikunje, uondoke nayo leo leo."

Watu walikuwa bado wanacheka minyororo iliposikika. Wakainua glasi. Baiskeli nne zikapita. Ya tano, ya Coralie, ikafunga breki katikati ya meza mbili. Akashusha mguu, akavua kofia ngumu, akafungua skafu. Kovu lilikuwa jekundu, kutoka sikio hadi sikio. Padri akaweka uma chini.

Coralie akafungua kinywa. Pumzi ikatoka, hakuna aliyeshika neno.

"Anasemaje?" aliuliza Bwana Vaucelin.

"Anauliza ninachouliza mimi," alisema Huguette, aliyekuwa ameshafika mlangoni na fimbo yake. "Nani alifunga waya usio na kitambaa? Mmeketi hapa nyote. Mna paa jipya, mna nyama, mdomo hamna?"

Meya akapangusa midomo kwa leso.

"Mama Huguette, kaa ule. Sikiliza, nakueleza kama mwanao. Faili limefungwa, mkuu mwenyewe huyu hapa atakwambia. Njia imeuzwa na muhuri umepigwa. Hata mtu akisimama sasa hivi akasema ni mimi, lango halifunguki, na msichana harudishiwi sauti. Sasa swali la nini?"

"Kweli kabisa," alisema mkuu wa polisi, akaomba haradali.

Haradali ikavushwa njia. Bi. Lambrey akaleta jibini. Huguette hakukaa, na Coralie hakuondoa baiskeli, kwa hiyo jibini likapitishwa juu ya usukani wake, upande hadi upande, kila mmoja akikata kipande chake. Lilipomfikia Firmin hakukata. Alikuwa na kisu mkononi, anakitazama.

"Mimi, dada," alisema. "Kitambaa kilikuwa mfukoni. Hawa waliniambia nisikifunge, nikasema sawa."