Kilo Mbili za Maji

Nyanchama alikuwa akikoroga uji wakati ukungu ulipoingia jikoni bila kubisha. Tangu alfajiri ulikuwa umeifunika laini yote ya wachuma chai, nyumba, choo na njia ya kwenda kwenye majani chai, hata ungedhani dunia imeishia mlangoni. Kila mlango uliofunguka ulitoa mtoto mmoja au wawili, kisha ukungu ukawameza. Jumla yao walikuwa saba. Weldon ndiye aliyekuwa mkubwa wao, akimzidi Nyanchama miezi minne katika miaka yao kumi na mitatu, lakini ufunguo wa kabati la unga ulikuwa shingoni mwa Nyanchama.

Watu wazima walikuwa wameondoka Jumatatu. Kampuni ilikuwa imeleta mashine za kuchuma, ikawapa watu wa laini ile barua za kuhama. Wakubwa wa familia nne zilizobaki walidandia lori la kuni kwenda Kericho, kwenye ofisi ya leba inayosikiliza malalamiko ya wafanyakazi, kuuliza ni sheria gani inayomtoa mtu kwenye nyumba alimozalia watoto wake. Wangerudi jioni. Alasiri ikanyesha mvua ya mawe, mto ukalichukua daraja, na habari ya kurudi ikaishia hapo. Sasa ilikuwa Jumatano na unga ulikuwa umebaki vikombe vitatu.

"Usimwache Omosa alale njaa," mama yake, Janefer, alikuwa amemwambia akipanda lori. Omosa alikuwa mdogo wake wa miaka sita, mwenye maswali mengi kuliko meno.

Ajabu ni kwamba wiki iliyopita Mwalimu Winny alikuwa amewapa insha kuhusu jambo hilo hilo: watoto wamekwama mahali bila mkubwa hata mmoja. "Nataka kitu kimoja kwenye hadithi kibebe maana kubwa kuliko umbo lake," alisema. "Na mwishoni watoto wasiwe wale wa mwanzo." Nyanchama aliiandika kwa raha. Watoto wake walikwama kilimani, wakala mapera, wakaimba mpaka wakaokolewa. Kitu chake chenye maana kilikuwa taa. Hakuna aliyebadilika, maana hakuona wabadilike kwa nini.

"Si tucheze kampuni," Weldon alisema. "Mwenye analeta kilo ndiye anakula. Hawa wadogo watasahau njaa."

Nyanchama aliona hiyo ni akili. Katika kibanda cha kupimia, mizani yenye ndoano ilikuwa bado inaning'inia, kwa kuwa majani ya mashine hupimwa kiwandani. Weldon akawa nyapara. Nyanchama akawa karani, akafungua daftari lake nyuma ya insha.

Asubuhi ile ilikuwa nzuri, lazima isemwe. Wadogo walizama kwenye majani hadi kifuani. Wimbo ulianzia mahali pasipoonekana mtu, ukaitikiwa kutoka mahali pengine pasipoonekana mtu. Mkono ulichomoza, ukachuma, ukapotea. Kwa muda Nyanchama alisahau daraja, akasahau hata barua iliyochomekwa nyuma ya picha ya Yesu ukutani. Alijiona kama anaota, na ndoto yenyewe haikumwogopesha.

Wakaja kupima. Vivian, kilo tano. "Toa mbili ya maji, tatu," Nyanchama alisema, akaandika. Hakufundishwa na mtu. Miaka yote alikuwa akisimama kibandani na mama yake, na kila siku karani wa kampuni alitoa kilo mbili, eti za maji, hata Januari vumbi likitimka. Mama alifunga tu aproni yake ya plastiki upya.

Omosa akaja wa mwisho akiburuta gunia.

"Kilo mbili. Toa mbili ya maji. Sufuri."

Omosa alichungulia ndani ya gunia. "Mimi sioni maji."

"Ni umande."

"Ukiitoa inaendaga wapi?"

Wenzake wakacheka, na Nyanchama akacheka pia. "Usisumbue ofisi," akamwambia. Omosa akachukua gunia lake, akarudi kwenye ukungu.

Saa sita akamimina uji vikombe sita. Mkono wake ulipokigusa cha saba, ukasita, maana daftari lilisema sufuri. Ndipo alipogundua kwamba mwenye kikombe hicho hajulikani aliko. Aliita, akakimbia mistari ya majani akiita, na ukungu ukamrudishia sauti yake mwenyewe. Alilia waziwazi, bila kujali kwamba Weldon yuko nyuma yake.

Walimkuta karibu na mto, amechuchumaa, midomo imegeuka rangi ya zambarau. Shati lake alikuwa amelivua. Alichukua jani moja, akalipanguza kwa shati huku na huku, akaliweka kwenye gunia, akachukua lingine.

"Bado kidogo," alisema meno yakigongana. "Nimepanguza karibu yote. Hii haina maji."

Nyanchama alimbeba mgongoni. Njia nzima alijisikia uchafu ambao sabuni isingeutoa. Alimpa Omosa kikombe cha saba, kisha na chake.

Wazazi walifika saa tisa, matope hadi magotini, wamezungukia Bomet. Pamoja nao alikuwa Bethwel, karani wa kampuni, na kufuli nyingi za kufungia nyumba kwenye mkoba. Aliona mizani, akaliona daftari, akalisoma akitabasamu.

"Karani hapa ni nani?"

Nyanchama aliinua mkono. Alitamani mtu amchape.

"Kazi safi. Hata ya maji umetoa." Bethwel alilichukua gunia la Omosa, akalitundika kwa mzaha. "Kilo mbili. Toa..."

"Hiyo nimepanguza," Omosa alisema kutoka kwenye mgongo wa mama yake. "Haina maji. Na ile ya mama mlikuwa mnatoa, iliendaga wapi?"

Bethwel alicheka, akangoja wengine wacheke. Hakuna aliyecheka, wala Weldon. Wanawake wanne waliokuwa wamechuma pale miaka mingi walisimama wakimtazama, matone yakianguka kutoka kwenye mabati.

"Jibu mtoto, karani," Janefer alisema.

Bethwel alitazama mshale wa mizani, akalishusha gunia. Kisha akatoa orodha ya nyumba na kufuli moja.

"Nyumba namba nane ni ya nani?"

"Ni yangu," Janefer alisema. Alitangulia hadi namba nane, Bethwel akimfuata, akaketi kwenye kizingiti cha mlango wake, Omosa akiwa bado mgongoni, na Nyanchama akaja akaketi kando yake. "Na bado hujamjibu," Janefer akamwambia karani.